Mkono wa Nne Bandani

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Meru, ng'ombe analia zizini, na Eunike hana hata jani moja la kumpa. Akamfunga mwanawe Calvin mgongoni, akachukua gunia, akapanda mbiombio kupitia migombani hadi kwa shemeji yake Elisaria, mwenye mashine ya kukatia majani.

"Mama Calvin, saa hizi? Au ng'ombe wako amefunga Kwaresma?"

Eunike hakucheka. Banda lile la mashine hakuwa amelikanyaga tangu Silantoi afie humo.

Silantoi alikuwa msichana kibarua. Siku ile mkono wake mmoja ulivutwa na mabua, akainua ule mwingine, kiganja wazi, kwamba zima, zima. Elisaria alikuwa kwenye swichi, macho kwenye simu, anachekea video. Eunike aliona yote. Lakini mbele ya wazee wa kanisa Elisaria alisema marehemu alikuwa amelewa, na Eunike, kwa kuuogopa ukoo wa mumewe, akaitikia. Ndiyo, alikuwa amelewa.

Baada ya mazishi, fundi Oscar wa Elerai akaja kufunga kamera. Sasa swichi hakuna. Unazungusha kidole mbele ya kamera, mashine inawaka. Unaonyesha kiganja, inasimama. Na kwenye kioo kidogo ukutani, kila mkono unaoonwa na kamera unawekewa vidoti vya kijani.

Elisaria akazungusha kidole. Mashine ikanguruma, mara mabua yakakwama. Akaonyesha kiganja. Kimya. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kuyachomoa.

Eunike akatupa jicho kwenye kioo.

Mkono mmoja wa Elisaria. Miwili yake mwenyewe, imeshika gunia.

Na wa nne.

Umesimama hewani peke yake... kidole cha mwisho kifupi, kimekatika nusu. Cha Silantoi kilikuwa hivyo hivyo, tangu utotoni.

Harufu ya damu mbichi ikapanda kutoka kwenye mabua.

"Shemeji," akanong'ona. "Toa mkono."

"Umenasa. Ngoja."

Kidole cha ule mkono kikaanza kuzunguka. Taratibu...

Krr.

Visu vikasogea. Eunike akaachia gunia, akainua kiganja, akainua na cha pili, akaisogelea kamera karibu aiguse. Kioo hakikumwona. Vidoti vilikuwa vya ule mkono wa nne tu.

Krr... krr...

"Alikuonyesha kiganja, shemeji, sema ukweli, sema ulikuwa kwenye simu, sema tu, yupo hapa anasikia..."

Elisaria akamgeukia. Jasho linamchuruzika, na hata hapo kiburi hakikumtoka.

"Nani? Yule mlevi?"

Kidole kikazunguka mbio.

Elisaria hakufa. Ila alipelekwa hospitali akiwa amebaki na mkono mmoja.

Asubuhi Eunike akampigia fundi Oscar, akamuuliza kamera ile ilifundishwa kutambua ishara kwa mikono ya nani.

"Ya dada mmoja hapo hapo kwenu," Oscar akasema. "Nilimkuta bandani nilipokuja kufunga. Ana kidole kifupi. Mpole sana, hakuongea neno."

Eunike akakata simu. Hakunywa hata chai. Akambeba mtoto, akaenda upande wa pili wa mlima, kwa Nanyori, mama yake Silantoi. Akamkuta ameketi mlangoni, akainamisha kichwa ili kiguswe, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa kule.

"Shikamoo, yeyo. Shikamoo, mama."

Kichwa hakikuguswa. Akasema hivyo hivyo ameinama, maneno yakimtoka kwa fujo, kiganja, simu, wazee wa kanisa, uongo wake, yote.

"Nimekusikia," Nanyori akasema.

"Nisamehe, yeyo. Nina mtoto mdogo."

"Na mimi nilikuwa na mtoto." Bibi akatupa jicho mgongoni kwa Eunike. "Unaniomba mimi? Mimi sijakatwa. Muombe mwenyewe, amekuja na wewe."

Mgongoni Calvin akacheka, kicheko cha mtoto anayepapaswa utosini. Eunike akainua macho polepole. Mikono yote miwili ya Nanyori ilikuwa imetulia magotini.

Na kule mgongoni mtoto akaongezeka uzito, kama kiganja kimetua juu ya kichwa chake... na hakiondoki.