Uso Kutoka Mahdia

Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimevunjwa, na juu ya kabati la sebuleni ilibaki alama ya mviringo mahali ambapo vumbi halikufika. Kilichoibwa ni kitu kimoja tu: sanamu ya jiwe. Runinga ilikuwapo. Kompyuta zilikuwapo. Mkufu wa dhahabu wa mama mwenye nyumba ulilala mezani, karibu na funguo za gari.

Inspekta Dismas Rwegoshora aliizunguka sebule bila kugusa kitu. Alikuwa mzaliwa wa Bukoba, mpelelezi wa siku nyingi katika polisi ya Toronto, na huku Scarborough alishaona wizi wa kila aina. Wa namna hii hakuwahi kuuona.

"Ilikuwa sanamu ya nini, bwana Mervyn?"

Mervyn Fernandes, Mgoa aliyezaliwa Upanga, Dar es Salaam, alikaa kwenye ukingo wa kochi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alionekana kama mtu aliyefiwa, si aliyeibiwa.

"Kichwa, afande. Kichwa cha jiwe jeupe. Mwezi wa saba tulikwenda Tunisia, likizo ya ufukweni, mimi na mke wangu na binti yetu. Nilirudi nacho."

"Ulikinunua?"

"Ndiyo. Sokoni, Mahdia."

"Kwa nani?"

"Muuzaji tu."

"Mzee? Kijana? Alikuwa anauza nini kingine?"

Mervyn aligeuka akaitazama alama ya mviringo juu ya kabati.

"Una picha ya hicho kichwa?"

"Sina."

"Unazo, baba." Sauti ilitoka kwenye ngazi. Alikuwa Rochelle, binti yake wa miaka kumi na sita. Maswali yalikuwa ya Kiswahili; yeye alijibu kwa Kiingereza. "Hata mimi ninayo."

Akamnyooshea Dismas simu. Pichani bahari ilikuwa ya buluu kali hadi mtu akaona haja ya kukinga macho. Rochelle alisimama katikati ya maji, miwani ya kuogelea imepandishwa kwenye paji la uso, mikono miwili imeinua donge kubwa lililojaa mwani. Alikuwa anacheka kwa mdomo wote.

"Nani alikiona kwanza?"

"Mimi. Tulikuwa tunapiga mbizi, mimi na baba. Nilimpa yeye. Nilidhani atafurahi."

"Alifurahi?"

Rochelle alimtazama baba yake. Kisha akapanda ngazi.

Dismas akamgeukia Mervyn. "Kwa hiyo hakuna soko wala muuzaji. Umechukua mali ya kale ya nchi ya watu. Uliivushaje uwanja wa ndege?"

"Ndani ya sanduku. Niliifunga kwa mataulo ya ufukweni." Mervyn hakujitetea. "Nifungeni, afande, mkitaka. Lakini nitafutieni. Nawaomba, nitafutieni."

Dismas alikuwa amekamata wezi wengi waliolia kwa kuogopa jela. Huyu alikuwa wa kwanza kuiomba jela ili arudishiwe jiwe.

Jikoni, mtaalamu wa uchunguzi wa jinai aliyeitwa Wasi alikuwa amepiga magoti penye mlango wa nyuma, glavu mikononi.

"Vipande vya kioo karibu vyote vimeangukia nje," alisema. "Aliyevunja alikuwa ndani. Na alama za vidole kwenye kitasa ni za watu wa nyumba hii tu."

"Mchanga huu je?"

Kwenye zulia la mlangoni palikuwa na mchanga kidogo, bado na unyevu. Mervyn, aliyewafuata, alidakia: "Wa Tunisia huo. Tumerudi nao kwenye kila begi."

Dismas aliinama. Katikati ya mchanga ule aliona kome mdogo kuliko ukucha, ganda lake lina mistari ya kahawia na nyeupe. Aliwafahamu kome hao. Kila kiangazi waliwakata miguu wanawe pale ufukweni chini ya majabali ya Scarborough. Ni wa maji baridi. Baharini hawaishi.

"Huyu hakutoka Tunisia," alisema polepole. "Ametoka hapa hapa, Ziwa Ontario."

Alishuka hadi chumba cha kufulia. Suruali ya jinzi ya mwanamke ilikuwa imeanikwa. Alama ya maji ilizunguka kiunoni, na katika pindo la mguu wa kushoto kome mwingine alikuwa amenasa.

Mwenye suruali alikuwa jikoni Dismas aliporudi. Savia Fernandes, mke wa Mervyn, alikuwa anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Pole, mama Rochelle. Nina maswali machache."

"Uliza."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Na baada ya kazi?"

"Nilipita dukani."

"Duka gani linalowafikisha wateja majini mpaka kiunoni?"

Bomba liliendelea kutiririka. Savia alilitazama, akalifunga, akafuta mikono yake kidole kimoja kimoja.

"Njoo," alisema. "Sanamu imo humu humu ndani."

Walipanda ngazi. Mervyn alikuwa nyuma yao, lakini walipofika kwenye mlango wa mwisho wa korido, alisimama ghafla kana kwamba amegonga ukuta.

"Huko hapana, Savia."

"Huko ndiko."

Kilikuwa chumba cha mtoto. Viatu vidogo vya mpira vilipangwa chini ya dirisha, na ukutani lilibandikwa jina kwa herufi za rangi: ZEFERINO. Juu ya kitanda, blanketi lilikuwa limefunika kitu. Savia alilifunua kwa uangalifu, jinsi mama anavyofunua mtoto aliyelala ili amtazame bila kumwamsha.

Dismas alivua kofia. Hakujua kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ulikuwa uso wa mtoto wa kiume. Mwani wote ulikuwa umesafishwa, na jiwe lilichukua mwanga wa dirisha likang'aa kwa ndani, kama ngozi. Mashavu yalikuwa na wororo wa utotoni. Mdomo ulifunguka kidogo, kana kwamba ameitwa na yuko karibu kuitika. Bahari ilikuwa imekula ncha ya pua, basi. Vingine vyote ilivihifadhi. Dismas alikuwa ameingia vyumba vingi vyenye maiti. Hakuwahi kuingia chumba chenye jiwe lililo hai namna hii.

Wasi, aliyewafuata hadi mlangoni, hakuinua kamera yake.

Kisha Dismas aliiona picha iliyo mezani kando ya kitanda: mtoto wa miaka tisa mwenye jezi ya mpira. Akatazama jiwe. Akatazama picha tena.

"Mungu wangu," alisema.

"Zefi wetu," alisema Savia. "Aliugua saratani ya damu. Tulimzika miaka miwili iliyopita. Tunisia ilikuwa likizo yetu ya kwanza bila yeye. Tulisema twende mahali ambapo hakuwahi kufika, labda tutapumua. Na tulipumua, afande. Rochelle aliogelea kutwa. Mume wangu alicheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Halafu Rochelle akaibuka na hiki kitu, baba yake akakifuta mwani, na hakucheka tena."

"Kwa nini ulikichukua?"

"Alikiweka sebuleni. Jioni anakaa mbele yake, anakisimulia habari za shule, za mpira. Rochelle akimwita, hasikii. Majuzi Rochelle alinifuata jikoni, akaniuliza: 'Mama, kama ningekufa mimi, angenitazama hivyo?'"

Nyuma yao Mervyn alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa.

"Nikaenda nacho ziwani nikitupe. Niliingia mpaka kiunoni. Nikakiinua, kikanitazama. Afande, mimi ndiye niliyemfumba macho mwanangu kwa mkono huu. Ningewezaje kumtupa tena? Nikarudi. Nikamlaza hapa kwa sababu baba yake hajafungua mlango huu tangu mazishi. Kioo nilikivunja mimi, kwa nyundo. Nilitaka aamini kimeibwa, amlilie, amalize, ageuke amwone aliyebaki."

Hakulia. Alisema yote akiwa amesimama wima. Mervyn ndiye aliyekaa chini, pale pale kizingitini.

Dismas aliandika maelezo yao wote wawili. Savia alipewa onyo. Jalada la Mervyn lilikwenda kwa mwendesha mashtaka, kwa kosa la kuingiza mali ya kale ya nchi nyingine, naye alikiri tangu siku ya kwanza.

Kielelezo, kile kichwa cha jiwe, kilipelekwa kwa Daktari Shaila, mtaalamu wa mambo ya kale. Alimwita Dismas, akamwashia taa kali pembeni ya jiwe.

"Ni la kaburini," alisema. "Enzi za Warumi, karibu miaka elfu mbili. Familia ikifiwa na mtoto, ilimwita mchongaji. Tazama sikio hili."

Ncha ya sikio la kulia ilikuwa imekunjika kidogo.

"Kosa la mchongaji?"

"Hapana. Kazi nyingine yote haina dosari. Mtoto alikuwa na sikio la hivyo, na mtu fulani alikataa lisahauliwe."

Dismas angeweza kupiga simu. Badala yake aliendesha gari hadi Malvern, nyumbani kwa akina Fernandes. Aliwaeleza wote watatu sebuleni habari za yule mtoto wa kaburini.

"Aliitwa nani?" Mervyn aliuliza.

"Haijulikani. Atarudishwa Tunisia."

"Arudi." Mervyn alitikisa kichwa taratibu, kwa mshangao. "Miaka elfu mbili. Baba mwenzangu. Na mimi nikadhani ni mimi peke yangu duniani."

Akamgeukia Rochelle. Alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyorejea baada ya safari ndefu.

"Mwanangu, sikukuuliza hata siku moja. Kule chini ulipomwona, kulikuwaje?"

Rochelle alimwangalia mama yake. Kisha akaja, akakaa kando ya baba yake.

"Kulikuwa kimya sana," alianza. "Mwanga ulikuwa unashuka mpaka kwenye mchanga, baba. Sikuogopa hata kidogo. Nilitaka nawe uone."

Dismas alifunga mlango wa mbele polepole, akawaacha.