Vipande vya Maneno

Kila asubuhi kabla ya kengele, timu ya tahajia ilikutana kwenye ngazi za maktaba ya shule. Kiongozi wao alikuwa msichana aliyeitwa Kalamu kwa sababu ya mwandiko wake. Mwandiko wenyewe, weee! Hata walimu walimwomba awaandikie kadi. Shoga yake wa kufa na kuzikana alikuwa Kinanda, na jina hilo lilimpata kwa mdomo usiotulia.

Wiki mbili kabla ya mashindano, mwalimu wa Kiingereza alimkabidhi Kalamu kamusi ya pekee ya shule.

"Nakili maneno thelathini ambayo Kiingereza kiliyachukua kutoka Kifaransa," alimwambia. "Hayo ndiyo hutega watu, yana herufi zisizosikika. Wenzako watasoma orodha yako."

Kumbe kurasa kadhaa zilikuwa zimechanika pembeni! Maneno sita yalibaki vipande tu, kama *bouq*, *chauff*, *silhou*. Duka la vitabu lilikuwa mtaa wa pili, na mwenye duka hakuwa mchoyo wa kamusi zake. Lakini Kalamu alikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba. Akayamalizia kwa kubahatisha, kwa mwandiko uleule mzuri. Nani angeushuku? Kinanda aliikariri orodha nzima, akawa anaitaja hata akiosha vyombo.

Siku ya mashindano shule mbili zilikuwa sare, na neno la mwisho likamwangukia Kinanda: lile la Kiingereza la shada la maua. Alitabasamu.

"B, o, u, q, e, y!"

"Si sahihi," alisema msimamizi. "Ni b, o, u, q, u, e, t."

Upande wa pili ulilipuka kwa kicheko. Kinanda alibaki amesimama.

"Nilisema msome," mwalimu alimwambia walipotoka. "Wewe hukusoma."

Kalamu alisikia kila neno. Akajiambia atasema kesho, na kesho yake akajiambia hivyo hivyo. Kinanda akajitoa kwenye timu. Darasani hakunyoosha mkono tena.

"Kichwa changu hakishiki kitu," alimwambia Kalamu. "Lakini nilisoma, haki ya Mungu nilisoma."

Siku ya tisa Kalamu hakuweza kula. Aliibeba kamusi na orodha hadi ofisini, akaeleza yote huku akilia. Mwalimu aliagiza Kinanda aitwe.

"Nilikushutumu bila kuuliza. Nisamehe, mwanangu," alimwambia, akamwonyesha ukurasa uliochanika.

Kinanda aliutazama, halafu akaitazama orodha.

"Kwa hiyo mimi si mjinga?"

"Hata kidogo."

Akamgeukia Kalamu. "Na ulijua siku zote hizi?"

Kalamu aliitikia kwa kichwa.

"Ungeniambia kurasa zimechanika, tungetafuta kamusi nyingine," mwalimu alisema taratibu. "Kubahatisha kwako kulituponza siku moja. Kunyamaza kwako kulimfanya mwenzako ajidharau siku tisa. Usipojua, sema hujui. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

Kinanda alirudi kwenye timu, na kelele zake zikarudi pia. Ila orodha zake alizinakili mwenyewe tangu hapo, na Kalamu hakuwa na la kumlaumu.