Samaki wa Mzee wa Ufukweni

Mimi ni mwanamke wa kushuku. Nauza vitenge soko la Jabe, na kitambaa sikiamini mpaka nikivute, nikinuse, nikigeuze upande wa nyuma. Mume wangu Adrien hunicheka. Yeye ni mtu wa ofisi, mpole, mwenye aibu za watu waliolelewa vizuri. Aibu hizo ndizo zilizotuponza.

Tulikuwa likizo kando ya ziwa Tanganyika, nje kidogo ya mji, katika nyumba ndogo inayotunzwa na mama mmoja, Zubeda. Kutwa nzima Adrien alisimama ufukweni na fimbo yake mpya ya kuvulia, akirusha ndoano ng'ambo ya mawimbi. Hakupata hata ndagala mmoja. Lakini maelezo alikuwa nayo tele.

"Samaki munene haumuvute mara moja, Laure," aliniambia. "Unamuachia uzi. Anaenda, anazani ameshapona. Akichoka, unamuleta pole pole."

Jioni hiyo nilimpelekea bia. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima ya Kongo, na watu wengine walikwisha kuondoka ufukweni. Nikamwona amekaa kwenye kigoda chake.

Hakuwa peke yake.

Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa karibu naye, koti zito limefungwa mpaka shingoni. Joto lile lote! Mbele yake kulikuwa na moto mdogo, na juu ya moto vipande vya sangala. Nilitegemea harufu ya samaki wa kuchoma. Niliyoisikia ilikuwa ya tope... tope la chini kabisa, lisilowahi kuona jua.

"Chérie, karibu," Adrien akasema. "Muzee ananifundisha."

Akafungua chupa, akanywa funda moja, ndipo akampa mzee. Ndivyo tunavyofanya kwetu: anayekupa kitu huonja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu wala uchawi ndani. Mzee aliipokea chupa kwa mikono miwili. Hakunywa. Akaitua mchangani.

Kisha akaninyooshea kipande cha samaki juu ya jani.

"Kula, mama."

"Aksanti, muzee. Onja kwanza."

Adrien akanikanyaga mguu. Mzee akacheka bila sauti.

"Mi nimeshiba."

"Hata kidogo tu, muzee."

Wimbi likaja, likarudi.

"Apana," akanong'ona. "Acha tu, mama. Mumoja anatosha."

Mmoja nani? Nikatazama mikono yake. Alikuwa ameshika uzi wa kuvulia, mwembamba, bila fimbo, ameuzungusha kidoleni. Nikaufuata kwa macho nione unaingilia wapi majini.

Haukuingia majini.

Ulipita juu ya mchanga, ukauzunguka moto, ukaelekea kwenye kigoda cha mume wangu. Miguuni pake nikaupoteza.

"Adrien. Simama. Twende."

"Laure, unanipatisha haya..."

"Simama!"

Nikamvuta mkono. Hatujafika mbali, nikasikia uzi ukilegezwa nyuma yetu. Srrr... srrr... Taratibu, bila haraka yoyote. Nilipogeuka, mzee hakuwapo. Chupa ilikuwa palepale, na moto haukuonekana tena. Nikarudi, nikatia vidole kwenye majivu.

Yalikuwa baridi. Na yameloa.

Tulipoingia ndani, nikawasha taa, nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Ulikula?"

"Kipande kimoja. Mbele ya we ufike."

"Na yeye alionja?"

Akaangalia chini. "Ni muzee, Laure. Nilisikia haya kumuuliza."

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Nilimnywesha maji ya chumvi mpaka akatapika, na samaki hakutoka. Yalitoka maji tu, meusi, yenye harufu ileile ya tope.

Asubuhi nilimkuta Zubeda anafagia mbele ya nyumba. Nikamweleza. Ufagio ukasimama.

"Auzubillahi," akasema. "Bwana yako alikula?"

"Kidogo. Ule ni mutu, mama Zubeda, ao ni kitu gani?"

"Sijui. Sisi wa hapa tunamuambiaka aonje, anaenda zake. Yeye anapenda watu wa congé, wageni wa likizo, wenye haya." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Kuko bwana moja wa Kinanira, huko mjini, alikula kwake. Alirudi nyumbani muzima, akafanya kazi, akacheka. Kisha siku moja akarudi huku yeye peke. Tulikuta viatu tu, ku mchanga."

"Na dawa?"

"Asirudie ku maji, dada. Asirudie kabisa."

Tulirudi kwetu Ngagara, mjini, siku hiyohiyo. Daktari alimchungulia kooni, hakuona kitu. Adrien anakula, anaenda kazini, ananitania mbele ya majirani kwamba nimeona uzi wa buibui nikakimbia. Majirani wanasema nimezidi. Ningefurahi sana kuwa nimezidi, maana nampenda mume wangu huyu na aibu zake zote. Fimbo yake ya kuvulia niliivunja nikaitia motoni. Hakulalamika, na hilo nalo nikalishuku.

Jana jioni nilikuwa nachambua maharage. Adrien alikuwa kwenye kiti chake, anasoma. Jua lilipozama, kona ya mdomo wake ikavutwa pembeni, upande wa ziwa. Mara moja tu, ikaachiliwa. Yeye akafunua ukurasa.

Srrr...

"Ulisikia?" nikamuuliza.

"Nini?"

Maharage yalikuwa yamenimwagikia miguuni.

"Laure," akasema, kwa upole wake uleule. "Turudi kidogo ku plage, kule ku maji. Siku mbili tu. Nasikia nimechoka."