Nani Alimlea Mtu wa Tayari?

Kovu la Kasmiri lilikuwa refu, limelala kwenye muundi wa mguu wa kushoto, na hadithi yake mkewe Hyasinta alikuwa ameisikia mpaka angeweza kuisimulia usingizini. Utotoni, kule Kibara, Kasmiri alikurupushwa na kiboko kwenye shamba la viazi, akaruka ua wa miiba, akachanika. Kaka yake Magesa akambeba mgongoni hadi nyumbani, njia nzima akimwimbia ili asilie. Hakuna mgeni aliyefika nyumba ile ya mtaani Makoko akaondoka bila kupakuliwa hadithi hiyo pamoja na chai.

Jumamosi moja jioni Kasmiri alikuwa amekaa kizingitini akiosha miguu. Hyasinta, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza na tumbo limeshaanza kumtangulia kila aendako, akamtania, "Osha vizuri hilo kovu, mkimbia viboko."

Kasmiri akautazama mguu wake kama mtu anayetazama mguu wa jirani.

"Kovu gani?" Kisha akalipitisha kidole. "Kweli bwana. Hili nililipatia wapi?"

Hyasinta akacheka. Kasmiri hakucheka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sabuni na sukari zimerudi madukani na hela za kuzinunulia zimeondoka. Kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa karani Kasmiri kilipunguza watu, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Mwanamume asiye na kazi hutafuta pa kupeleka kichwa chake. Wengine walikipeleka kwenye gongo. Kasmiri alikipeleka kwenye mchezo wa Mwalimu Alfonsi, na Hyasinta alimshukuru Mungu kwa hilo, masikini, asijue.

Alfonsi, jirani yao, alikuwa ameachiwa sanduku na mwalimu mgeni wa kujitolea aliyerudi kwao. Ndani mlikuwa na mchezo usio na ubao. Kila mchezaji ana mtu wake, nguvu na ujuzi wa mtu huyo vimeandikwa kwenye kadi. Kiongozi husimulia nchi na hatari zake, mchezaji husema mtu wake anafanya nini, na dadu huamua kama atapona. Mtu huanza mnyonge, hukua ngazi kwa ngazi, safari hadi safari. Wa Kasmiri alianza mchunga ng'ombe anayeogopa fisi. Miaka ilipopita akawa muuaji wa majoka, na Kasmiri alimpenda kama mbuzi aliyemlea mwenyewe kwa mkono.

Walikuwa wachezaji wanne. Stanislausi akaenda kuwa mnunuzi wa sangara wa viwanda vya samaki, Euphrasia muuguzi akahamishiwa Bunda. Wakabaki Alfonsi wa kuongoza na Kasmiri wa kucheza, na safari za ngazi zile za juu hazitaki mtu mmoja. Mtu mpya naye huwezi kumwanzisha chini, atakufa kabla hajavuka mto wa kwanza. Basi Alfonsi akachimbua chini ya sanduku kadi ambazo hazijawahi kutumika, watu waliokwisha kutengenezwa kiwandani, wenye ngazi ya juu kabisa na kila kitu chao kamili, isipokuwa jina. Aliwaita watu wa tayari. Akamkabidhi Kasmiri mmoja amchezeshe pamoja na wake, mkusanyiko wa meza ile wakauhamishia sebuleni kwa Kasmiri, ili mama kijacho asiachwe peke yake.

"Mpe jina," Alfonsi alisema.

"Magesa," Kasmiri akajibu.

Magesa alizama ziwani upande wa Kibara mwaka uliotangulia, mwili haukuonekana. Kwa watu wa pwani ile ya ziwa, jina la marehemu wa namna hiyo humngojea mtoto wa kiume atakayezaliwa katika nyumba yao. Kabla hajazaliwa huliiti juu ya kitu chochote, si mtumbwi, si mbwa. Kasmiri alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini alikuwa amemkosa kaka yake, na ulimi wake uliona raha kulitamka jina lile kila Jumamosi, kwa sauti ya chini mkewe asisikie, Magesa amefungua lango, Magesa amenyanyua mkuki. Alijidanganya kwamba analitunza tu, lisikae nje kwenye baridi, mpaka mtoto aje alichukue. Mchuma janga hula na wa kwao.

Baada ya kovu yakafuata mengine. Jumapili baada ya misa, Hyasinta alimsikia akishindwa wimbo wa kubembelezea watoto aliofundishwa na mama yake. Sokoni akamnyooshea kidole furu, samaki aliowavua kwa kikapu akiwa hana hata kaptura, akauliza wanaitwaje. Na nyumba ikaingiwa na harufu. Kama ingekuwa harufu ya tope la ziwa, au ya moshi na samaki, Hyasinta angesema shemeji yake amerudi, angemwogopa kama anavyoogopwa marehemu wa nyumbani, kwa heshima. Lakini hii ilikuwa harufu ya daftari jipya linapofunguliwa mara ya kwanza, na nyumbani mwao hapakuwa na daftari jipya.

Kisha dadu. Alikuwa amelala ubavuni mwa mumewe, alfajiri haijapambazuka, akazisikia sebuleni zikibingirika mezani, zikatulia, zikabingirika tena, taratibu, kama mtu anayejifunza kuzishika.

"Unasikia?" akanong'ona.

"Nasikia," Kasmiri akanong'ona naye. "Usiinuke."

Siku umeme ulipokatika mapema jioni, Hyasinta alikuwa jikoni akigeuza ugali, na kutoka sebuleni akaisikia hadithi ya kiboko, neno kwa neno, shamba la viazi, ua wa miiba, mgongo wa kaka, na moyo wake ukaruka kwa furaha kwamba mumewe amerudiwa na kumbukumbu, akaweka mwiko, akachukua koroboi, akatoka akiwa anatabasamu, na kabla hajaufikia mlango wa sebule akakutana na Kasmiri akiingia kutoka nje na ndoo ya maji begani, nguo zimemlowa, akimwangalia kwa mshangao, na huku wote wawili wamesimama pale ushoroba mzima ukinuka karatasi, ile sauti iliyokuwa sebuleni, ambayo haikuwa ya kizee wala ya kijana wala haikuwa na lafudhi ya mahali popote, ikaimaliza hadithi, kisha ikauliza kwa upole kabisa, "Halafu ikawaje? Nipe ya mwaka uliofuata."

Kasmiri akaitua ndoo. Ndipo alipomweleza mkewe kuhusu jina.

"Umempa jina la mwanangu?" Hyasinta aliuliza.

"Nilikuwa nalitunzaga tu, mama."

Alfonsi alipoambiwa alikuja mchana kweupe, akasema dawa yake ni ndogo, mtu wa mchezo huuawa na mchezo. Akamtumbukiza yule Magesa wa kadi kwenye shimo la moto. Dadu zikarushwa, akapona. Akamletea majoka, akapona. Akamnywesha sumu, akamzamisha baharini na minyororo, na kila mara dadu zilitua kwenye namba kubwa, hata pale Hyasinta alipozirusha mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Hatimaye Alfonsi akazifunika kwa kofia. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Shemeji," alimwambia Hyasinta kwa sauti ya chini, "mchezo huu naongozaga mimi. Leo nimeongozwa."

Sanduku wakalichoma uani. Harufu haikutoka.

Hyasinta akapanda gari kwenda kwao Butiama. Mdogo wake Jenoveva akamchukua kwa Bibi Ghati, upande wa Mwitongo, mganga aliyevaa rozari shingoni na asiyeona ubaya wowote katika hilo. Bibi aliwasikiliza huku anapukuchua mahindi.

"Huyo mtu wa tayari," aliuliza, "nani alimlea?"

"Hakulelewa, bibi. Alitengenezwa hivyo hivyo."

"Ana mama?"

"Hana."

"Aliwahi kuugua surua? Kuibaga maziwa akachapwa?"

"Hapana."

"Basi mnashangaa nini? Mmempa nguvu za mtu mzima, mmempa jina, utoto hamkumpa. Jini kama hilo lilikuwa linapita tu na njaa yake, mkalifungulia nyumba. Sasa linakula utoto wa mumeo. Ukiisha litautafuta mwingine." Akalitazama tumbo la Hyasinta bila kuliosha kwa maneno matamu. "Hapo kuna mmoja mzima, hata haujaanza."

Jenoveva akamshika dada yake mkono.

"Tufanyeje, bibi?"

"Aliyelitoa jina aliite lirudi. Asimwimbie sifa. Amtaje Magesa alivyokuwa, na ukaidi wake na ulafi wake. Jina hurudi penye maisha yake. Lile jini halina lolote la kubishania." Bibi akaacha mahindi. "Lakini aite aliyelitoa. Akiita mwingine, jina litarudi, ila lile jini litakuwa limemjua aliyeita."

Hyasinta alirudi Makoko na maneno hayo akiyashika kama yai. Akamkalisha mumewe sebuleni, akamweleza. Kasmiri alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nitamwita," alisema. "Ila nieleze kwanza. Magesa ni nani?"

Hapo Hyasinta alilia. Alilia kwa sababu aliona ameolewa na mwanamume ambaye maisha yake yanaanzia kwenye meza ya ukarani, na kwa sababu wakati ule ule mtoto alijigeuza tumboni kwa nguvu, kama aliyekanyagwa, na harufu ya karatasi mpya ikamjia mdomoni mwake mwenyewe. Angeweza kungoja. Angeweza kumfundisha mumewe yale maneno. Lakini mama hapigi hesabu ya namna hiyo. Alisimama, akaifunga khanga chini ya tumbo, akaanza kuita.

Hakuwahi kumjua sana Magesa akiwa hai, ila hadithi zake alikuwa amezinywa pamoja na chai, akazitoa zote. Magesa aliyekula vichwa vya samaki vya wenzake. Magesa aliyechapwa na padri kwa kusinzia akiwa ameshika mshumaa, na aliyeogopa sindano, na aliyemwomba mama yake, Pelagia, radhi kwa wimbo kwa kuwa maneno yalimshinda, na kila alipotaja jambo kitu fulani mezani kilisogea, viti vikagongana, ile sauti ikaanza kurudia nyuma yake, vichwa vya samaki, mshumaa, sindano, ikirudia kwa haraka kama mwanafunzi anayekariri asichokielewa, naye akapandisha sauti juu yake, akasema, "Huyo ni mtoto wa Pelagia, si wewe, na jina lake linaingia hapa," akajipiga tumboni kwa kiganja. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe. Hewa ya ziwani ikaingia, na baadaye kidogo Hyasinta akagundua kwamba nyumba inanuka ugali tu.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akalia kama wanavyolia wenzake. Mama Pelagia alikuja kutoka Kibara, akamtamkia majina ya ukoo huku mtoto akilia, na kwenye Magesa mtoto akanyamaza akashika titi. Bibi mtu akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Utoto wa Kasmiri haukurudi. Mama yake alimsimulia kila siku, naye akajifunza kwa bidii, lakini aliujua kama mtu anavyoijua historia ya nchi nyingine.

Jenoveva alipokuja kumwona mtoto, yeye na dada yake walimkuta Kasmiri ameketi uani na kichanga mapajani, akimsimulia kwa sauti tulivu, isiyo na lafudhi ya mahali popote. Kulikuwa na mto umejaa, alisema, na mtoto ambaye babu yake alimvusha kwenye mabega, na katikati ya maji kiatu kimoja cha mtoto kikaanguka, babu akavua vyake vyote viwili akavitupa mtoni ili mtoto asione kuwa amepoteza peke yake.

"Umesikia?" Hyasinta alimnong'oneza Jenoveva, macho yamemjaa machozi ya furaha. "Amekumbuka kitu. Hiki hata mama yake hajawahi kumwambia."

Jenoveva alikuwa amesimama na kapu la ndizi kichwani, haliteremshi.

"Kasmiri hakuwahi kuwa na babu wa kumvusha mto, dada," alisema polepole. "Huyo ni babu yetu. Aliyevushwa ni wewe. Hukumwambiaga mtu, hata mimi niliambiwa na babu."

Hyasinta akafungua mdomo amjibu mdogo wake kwamba yeye hajawahi kuvushwa mto wowote. Kisha akasita, akamtazama vizuri yule mwanamke mwenye kapu la ndizi, maana ghafla hakuwa na hakika, kati yao wawili, ni nani aliyetangulia kuzaliwa.