Kabati la Mshonaji na Bei ya Wifi

Mshonaji hufungua dirisha kabla ya kufungua mlango. Dirisha lake linatazama uani, na kila kinachoingia au kutoka katika nyumba ile lazima kipite uani. Asubuhi moja, akiwa bado na mswaki mdomoni, aliona kabati likipita.

Lilikuwa kabati la wifi yake, dada wa mumewe, anayekaa chumba cha mkabala. Wanaume wawili walilibeba huku wakihema. Nyuma yao alitembea mchuuzi wa samani zilizotumika, mikono mifukoni. Kabati lilipakiwa kwenye gari, likaondoka. Wifi alikuwa ametangaza kuliuza jana yake tu.

Wifi hakungoja kuulizwa. Alikuja hadi dirishani, akaegemea.

"Laki na themanini, wifi yangu," alisema. "Nilitaja, akalipa."

Mshonaji alimpa hongera. Hongera ilitoka mdomoni, lakini rohoni kilimkaa kijiba. Wala haikuwa mara ya kwanza. Wifi akipaka ukuta rangi, mshonaji huona wa kwake umekuwa kama wa jikoni kwa moshi. Wifi akipata mgeni, mshonaji hujiuliza kwa nini yeye hatembelewi. Mumewe, mpishi wa shule, alikwisha kumwambia kwamba macho yake yanafanya kazi zaidi uani kuliko kwenye sindano.

Safari hii wivu ulimkuta na shida ya kweli. Mshonaji mwenzake mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anaacha kazi kwa sababu macho yamechoka. Alikuwa anauza cherehani yake ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa nyuzi zisichomoke. Alimwekea mshonaji wetu hadi Jumamosi. Ikipita Jumamosi, inakwenda kwa mwingine. Bila ovaloki, mshonaji hawezi kupata kazi ya sare za shule, kwa maana watoto huchana pindo kabla ya mwezi kwisha. Akiba yake haikutosha. Tena, hata kama ingetosha, cherehani ingekaa wapi? Chumba kilikuwa kimejaa, na kilichokijaza zaidi ni kabati la nguo.

Basi alikuwa ameamua kuliuza. Kilichobaki kilikuwa bei tu, na bei aliipata palepale dirishani.

"Kama la wifi limekwenda kwa laki na themanini, langu ni laki mbili," alimwambia mumewe. "Langu lina kioo."

Mumewe alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alitazama kabati, akamtazama mkewe. "Mama watoto, unauza kabati au unauza wivu?"

Mshonaji alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa chaki ya kushonea: KABATI ZURI, LAKI MBILI. Akakitundika mlangoni.

Jumatatu walikuja mke na mume waliooana karibuni. Walifungua mlango wa kabati, ukalia. Waliuliza bei, wakaangaliana, wakasema watarudi. Kila muuzaji anajua maana ya watarudi. Jumanne alikuja mwalimu aliyehamia mtaa wa pili. Yeye alisema kwa upole kwamba kwa laki mbili angenunua jipya na chenji ikabaki. Jumatano mtu mmoja alitaja sitini elfu. Mshonaji alihisi ametukanwa. Alimwambia kwa sitini elfu akanunue stuli. Usiku ule hakula vizuri. Ng'ambo ya ua alimsikia wifi akicheka na redio, na kila kicheko alikiona kinamhusu yeye.

Alhamisi asubuhi alikuja Mama Randa, fundi seremala wa mtaa. Jina hilo alipewa kwa sababu haachi randa yake hata akienda sokoni. Alileta ovaroli yenye goti lililochanika. Wakati mshonaji anatafuta kiraka, Mama Randa alisoma boksi mlangoni. Alilisoma mara mbili.

"Hii laki mbili umeitoa wapi?" aliuliza.

Mshonaji alisema mbao siku hizi ni ghali. Kisha alisema kabati lina kioo. Mama Randa aliendelea kumtazama tu. Mwishoni mshonaji akasema ukweli, kwamba wifi aliuza la kwake kwa laki na themanini, na yeye hakutaka kuwa chini yake.

"Kumbe bei imepangwa na wifi yako," alisema Mama Randa. "Kabati lenyewe halikuulizwa. Hebu tuliulize."

Walilivuta kutoka ukutani. Lilivutika kwa urahisi, na Mama Randa alisema hiyo ni dalili ya kwanza. Aligonga ubavuni kwa kidole. Akainua kona ya chini iliyobanduka, akamwonyesha mshonaji kilichomo. Hapakuwa na mbao. Palikuwa na unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukafunikwa karatasi ngumu yenye picha ya mbao. Maji ya kupigia deki yalikuwa yameingia chini, na ubao umevimba. Bawaba moja ya mlango ilikuwa imelegea.

"Miaka sita nalifuta vumbi," mshonaji alisema, "sikuwahi kutazama nyuma."

"Watu wengi hawatazami. Sasa la wifi yako nalijua, nililitengeneza mguu. Lile ni mbao ngumu tupu, limeungwa kwa ndimi za mbao zinazoingia matunduni, halina msumari hata mmoja. Likiuzwa laki na themanini limepata haki yake. Usione vyaelea, vimeundwa."

Maneno hayo yalimchoma mshonaji. Aliuliza kwa sauti ndogo kama basi la kwake ni takataka.

"Nani kasema?" Mama Randa aliketi kwenye kiti cha wateja. "Lina miaka mingi mbele yake. Kila kitu kina bei yake ya haki, isiyomwumiza anayeuza wala anayenunua. Unaitafuta hivi. Usianze na bei uliyonunulia, hiyo ilikwisha kupita. Uliza jipya kama hili linauzwaje leo. Lililotumika, kama bado limesimama imara, huwa karibu nusu ya hapo. Halafu toa gharama ya kutengeneza palipoharibika. Kitu kikiwa kimechoka sana, shuka zaidi."

"Na wanaouza yaliyotumika? Wao hutaja bei kubwa."

"Bei ya kutaja ni maneno. Waulize la mwisho kama hili liliondoka kwa bei gani. Hiyo ndiyo bei. Na usiulize sehemu moja, uliza tatu."

Mchana ule mshonaji alifunga mlango, akatia futi ya kupimia mfukoni, akatoka. Hakuwa amezoea kuuliza bei bila kununua, na duka la kwanza aliona haya. Duka la pili haya ilipungua. Makabati mapya ya aina yake, yenye kimo na upana uleule, yalikuwa laki na nusu, laki na sitini, laki na sabini. Akaenda kwa wauzaji wa samani zilizotumika. Kwanza walitaja laki na ishirini. Alipouliza la mwisho liliondoka kwa bei gani, mmoja alikuna kichwa akasema themanini. Wa pili alisema sabini na tano. Wa tatu naye alisema themanini.

Basi nusu ilikuwa themanini, na soko lilisema hivyohivyo. Mshonaji alisimama barabarani akaona aibu peke yake. Yule wa sitini elfu hakumtukana. Alikuwa karibu na ukweli kuliko yeye.

Jioni Mama Randa alirudi, akakaza bawaba, akakata sehemu iliyovimba, akapigilia ubao mwembamba chini. Malipo yake yalikuwa kiraka cha ovaroli. Mshonaji alifuta boksi, akaandika upya: KABATI, ELFU THEMANINI NA TANO. Tano ile ilikuwa nafasi ya kupatana. Moyoni aliweka mpaka wake: chini ya sabini na tano hauzi. Aliandika akiwa ameupa ua mgongo, kwa kuwa dirisha la wifi lilikuwa wazi, na kuandika themanini na tano mbele ya laki na themanini kulikuwa kama kuvua kanga mbele za watu.

Ijumaa mwalimu alipita akasoma. Akaingia. Safari hii mshonaji hakusifu kioo. Alilivuta kabati, akamwonyesha nyuma.

"Mwalimu, hili si mbao ngumu. Hapa chini liliingia maji, fundi ametengeneza. Usiliweke penye maji, litakaa."

Mwalimu alisema hajawahi kuuziwa kitu na mtu anayeonyesha ubovu wake. Alitoa themanini. Vibarua wa kulibeba akawaleta mwenyewe.

Themanini ile pamoja na akiba yake zilitosha, na Jumamosi kabla ya saa sita cherehani ya ovaloki ilikuwa chumbani, mahali palepale pa kabati. Nguo mumewe alizitundika kwenye fimbo ukutani. Alisema ni vizuri, sasa ataona ana mashati mangapi, na kumbe ni matatu.

Jioni wifi alikuja. Alisimama kizingitini akaitazama cherehani kwa muda. Alisema hongera, na mshonaji aliitambua hongera ile. Ilikuwa ndugu wa ile aliyoitoa yeye dirishani.

"Kabati umeuza bei gani, wifi?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa zito. Mwalimu hakuwepo wa kumsuta. Angeweza kusema laki mbili, na ulimi ulikwisha kukaa tayari.

"Themanini," alisema. "Ndiyo bei yake."

Wifi aliketi kwenye kiti cha wateja. Akaanza kuchezea pindo la kanga yake.

"Wifi, nikwambie kitu, usinicheke. Lile langu sikuuza laki na themanini. Mchuuzi aliniachia tisini. Alisema mbao za zamani hazina soko, nami nikaona aibu kubishana. Nilipokuja kwako nikataja kubwa. Kila siku wateja wanapanga foleni mlangoni kwako, kwangu anakuja mwenye nyumba tu. Nilitaka siku moja na wewe unitamani."

Mshonaji alimsikiliza. Wiki nzima alikuwa amemwonea wivu mtu aliyepunjwa. Na bei aliyoidanganya wifi ndiyo bei ya haki ya kabati lile, ambayo mchuuzi alimnyima. Sehemu mbaya ya moyo wake ilifurahi. Tisini kwa themanini, hawajapishana sana, tena wifi amepoteza nusu nzima. Furaha ile ilimtisha, naye hakuipenda.

Wifi akaongeza kwamba mchuuzi atarudi Jumanne. Anataka meza ya kulia, amekwisha kutaja sitini.

Hapo mshonaji angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Meza ya wifi ingeondoka, na uani pasingekuwa na mtu wa kumzidi. Alitazama cherehani yake. Kisha akasimama.

"Twende tuipindue," alisema.

"Tupindue nini?"

"Meza. Tuitazame chini."

Waliipindua sakafuni. Chini yake ilikuwa mbao ngumu ileile, nzito, imeungwa kwa ndimi. Mguu mmoja tu ulikuwa unacheza. Mshonaji alimweleza wifi yote aliyofundishwa, kwa maneno ya Mama Randa, akiongeza machache ya kwake. Jumatatu wakatoka pamoja. Walikuta mpya kama ile inauzwa laki tatu. Zilizotumika ziliondoka kwa laki na thelathini, laki na arobaini. Mama Randa alisema kukaza mguu ni elfu kumi. Wifi akaamua kutaja laki na arobaini, na chini ya laki na ishirini asiuze.

Jumanne mchuuzi alikuja na sitini zake mkononi. Wifi alimwambia laki na arobaini. Mchuuzi alicheka. Alisema mbao za zamani hazina soko.

"Basi iache," alisema wifi. "Duka la kona zimeondoka mbili mwezi huu. Mguu huo unacheza, ndiyo maana sijataja laki na nusu."

Mchuuzi aliacha kucheka. Aliondoka, akafika kwenye gari, akakaa. Aliwasha, akazima. Alirudi akasema laki. Wifi alitikisa kichwa. Kwenye laki na ishirini na tano wakapeana mikono.

Meza ilipita uani, wanaume wawili wakihema. Mshonaji alikuwa dirishani pake. Laki na ishirini na tano, na yeye alipata themanini. Kijiba kilirudi rohoni, mahali palepale, kana kwamba hakikuwahi kuondoka. Wifi alikuja akaegemea dirisha, uso umejaa furaha.

"Wifi," mshonaji alisema, "hongera. Na nakuonea wivu."

Wifi alimtazama, kisha akaitazama ovaloki nyuma yake.

"Na mimi nakuonea," alisema. "Tangu Jumamosi."

Walicheka mpaka mume mpishi akatoka kuuliza kuna nini. Hawakumwambia. Mshonaji alivuta kiti, wifi akaingia ndani akaketi, na mshonaji akaanza kumwonyesha jinsi ovaloki inavyotungwa nyuzi.