KILO NNE ZA UONGO

"Wezi! Nyumba nzima hii ya wezi!"

"Da Faustina, shusha sauti bwana, watu wanakula humu!"

"Sishushi! Miaka mitatu napimia mchele kwa mawe ya kuazima! Tangu siku ile mdogo wako alipoenda Iringa kupigwa, mawe yangu mawili ya mizani hayajaonekana! Mliyapeleka wapi?"

Nikatoka nje, mwiko wa pilau bado uko mkononi.

"Umesema kwenda kufanywa nini?"

"KUPIGWA! Kilo sawa, umri sawa, kapigwa raundi nne mpaka jicho likafa! Na wewe sasa unamfuata huyohuyo Lea, kifua mbele, na upepo tu wa hapa Mbalizi unakuyumbisha! Huo siyo ujasiri Shufaa, huo ni ujinga. Msitake tuwapigie makofi!"

"Unamtetea Lea kwa sababu ni Mhehe mwenzako!"

"Namwonea huruma mama yako, asije akabaki na mabinti wawili wanaopapasa ukuta!"

Jamani...

Mimi nitukane utakavyo, nitacheka. Lakini Asmaa alikuwa amekaa pale mlangoni, anachambua vitunguu. Jicho lake la kushoto jeupe kama maziwa. Alisikia kila neno, akainamisha kichwa tu.

Nikauinua ule mwiko...

Mkono ukashikwa kwa nyuma.

"Achana naye, mwanangu." Alikuwa kocha Mika, mnofu wa nyama mdomoni. "Mtu anayepanda ulingoni na mkubwa kuliko yeye ni shujaa. Heshima utaipata Iringa, siyo kwa wauza mchele."

Ngoja niwaweke sawa, kwa mnaokutana na mimi leo.

Mimi ni Shufaa, bondia, kilo hamsini na tatu nikiwa nimeshiba. Kwetu Ijumaa ni pilau, na mama yetu ana sheria moja: atakayefika sufuria ikiwa wazi, anakaribishwa. Mpita njia, mdeni, mlevi, hata uliyegombana naye asubuhi. Da Faustina mwenyewe, duka lake la mchele na maharage linatazamana na mlango wetu. Alikuwa anatutukana akimaliza anakuja kula.

Na kocha Mika? Huyo alikuwa na mkeka wake! Miaka saba, Ijumaa kwa Ijumaa, mkeka wa pembeni ya mlango hakai mtu mwingine. Ndiye aliyetufundisha ngumi mimi na Asmaa. Mama akimwita "kaka yangu".

Miaka mitatu nyuma nilikuwa Mgololo, napikia wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Mika akampeleka Asmaa Iringa kupigana na Lea. Nikampigia simu, "Kocha, Asmaa mwembamba, Lea si ana kilo sitini?"

Akacheka. "Hayo mabaibui yenu mapana yanawadanganya. Mtoto kajaa! Ngoja utasikia alivyopima."

Kweli, alipima hamsini na saba. Sheria ya pambano lile ilikuwa tofauti isizidi kilo tatu. Safi kabisa.

Akarudi na jicho moja.

Na kitaa hakikumsamehe! Maana angekuwa kazidiwa uzito, wangesema masikini. Lakini kilo karibu sawa? Wakamwita Gunia. Mtoto akaacha ngumi, akaacha kutembea sokoni, akaacha hata kucheka.

Mimi nikaapa. Lea wa Iringa, jicho kwa jicho. Sitanii. Mazoezi yote ya miaka mitatu nilikuwa nalenga jicho lake la kushoto. Nilichora duara la chaki kwenye gunia la mazoezi, palepale jicho lilipo!

Mwezi wa nane mwaka huu Mika akaja na habari: Lea amekubali.

"Lakini kocha, mimi nina hamsini na tatu. Itakuwaje kwenye mizani?"

"Niachie mimi."

Nikamwachia. Nakiri hapa mbele yenu, sikuuliza swali la pili. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka masikioni.

Siku ya safari Asmaa akanishika mkono. "Dada, usiende."

"Kwa nini?"

Akamwangalia Mika. Mika akamwangalia yeye.

"Basi tu..."

Nikapanda basi.

*

Iringa, asubuhi ya kupima uzito. Baridi ya kule kilimani inakata mifupa. Ukumbi umejaa, simu zimeinuliwa juu, vijana wanapiga miluzi.

Mika akanivuta kwenye kona, akanipa mfuko wa kitambaa umeshonwa pande zote, una kamba ndefu.

"Funga kiunoni, ndani kabisa. Juu vaa suti yako ya mazoezi na baibui."

"Mzito, kocha. Kuna nini?"

"Kuna pambano lako humo. Unalitaka au hulitaka?"

"Nalitaka."

"Basi vaa. Nyie mnaojistiri wanawaheshimu, hakuna mzee wa mizani atakayekupapasa."

Nikaufunga. Nikapanga foleni.

Mara mtu akasimama mbele yangu. Mrefu, mabega kama mlango.

"Kamwene, dada," akanisalimu Kihehe, kwa adabu kabisa.

Lea!

"Usinisalimie! Jicho la mdogo wangu liko wapi?"

Watu wakageuka. Lea akasogea karibu.

"Sijalala vizuri tangu siku ile. Lakini dada, mdogo wako alipima hamsini na saba, mwenyewe niliona. Nilijua napigana na saizi yangu." Akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Ila nilipomkumbatia raundi ya pili... nilihisi nimebeba mtoto. Nikasema labda ni mimi tu."

Nimebeba mtoto!

Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe. Kwenye ule mfuko.

"Kocha, naenda msalani mara moja."

"Fanya haraka, wewe ndiye unayefuata!"

Nikajifungia. Nikaung'ata ule mshono kwa meno mpaka uzi ukakatika. Nikautikisa mfuko kwenye kiganja...

Mawe ya mizani. Mawili. Kilo mbilimbili.

Jamani, jiwe moja lilikuwa na pengo ukingoni. Na yote mawili, chini yake, yalikuwa na herufi F imechorwa kwa rangi nyekundu ya kucha!

Nikakaa chini kwenye sakafu ya choo.

Ile rangi naijua. Nilikuwepo siku da Faustina anaichora, nikamcheka, "Nani ataiba jiwe?" Na lile pengo, jiwe liliangukia ngazi yetu ya mlangoni, akatutukana wiki nzima!

Mwizi hakuwa sisi. Mwizi alikuwa anakula pilau yetu kila Ijumaa!

Asmaa hakujaa, hakunenepa. Alikuwa na kilo zake hamsini na tatu, na kilo nne za Faustina kiunoni. Alisimama na mtu wa kilo sitini, raundi NNE, halafu akarudi nyumbani kuitwa Gunia.

Sasa sikilizeni shetani alivyoninong'oneza. Akasema, Shufaa, rudisha mawe kiunoni. Lea huyo hapo nje. Miaka mitatu umelichora lile duara. Pigana kwanza, ya Mika baadaye!

Na mkono ukaanza kuyarudisha...

Halafu nikajiuliza, nikipanda na haya mawe, kesho nitamwambia nani kwamba Asmaa alionewa? Nitakuwa nimeshakuwa mwongo mwenzao.

Nikayarudisha mawe, nikaufunga mfuko kiunoni, ila safari hii kwa hesabu yangu mwenyewe. Nikautwaa uso wangu wa msibani, nikatoka.

*

"Shufaa wa Mbalizi!"

Nikapanda kwenye mizani. Mzee Gerson, msimamizi, akavaa miwani.

"Hamsini na saba kamili!"

Makofi! Mika akanikonyeza.

"Mzee wangu," nikasema, "naomba usiandike. Subiri kidogo."

Nikaingiza mkono ndani ya baibui, nikatoa la kwanza, nikalitupa sakafuni. KONG!

"Soma tena, mzee."

"Ha... hamsini na tano!"

Nikatoa la pili. KONG!

"Tena!"

"Hamsini na tatu..."

Simu zote zikageukia mizani.

"Huu ndio uzito wangu! Na ndio uzito wa Asmaa, mliyempigisha hapahapa miaka mitatu iliyopita! Aliyemvisha mawe ni yule pale!"

"Kichaa huyo!" Mika akaruka. "Anamwogopa Lea, anatafuta mlango! Mawe kaja nayo mwenyewe!"

Vijana nyuma wakaanza. "Mwoga! Mwoga! Rudi Mbeya ukauze parachichi!"

Nikatoa simu, nikapiga ya video, sauti juu kabisa.

"Wee Shufaa, nina wateja!" Uso wa da Faustina ukajaa kwenye kioo.

"Da Faustina, angalia hapa chini. Unavijua hivi?"

Akaisogeza simu machoni. Kisha...

"MAWE YANGU! Mama yangu mzazi, mawe yangu! Lenye pengo hilo liliangukia ngazi yenu! Na F yangu! Nani alikuwa nayo?"

"Siku yanapotea, nani alipita dukani kwako?"

"Si kocha wenu! Alikuja kupima maharage, akasema anarudi na mfuko, hakurudi... Oooh! MIKA! Mnyama wewe! Miaka mitatu nawatukana watoto wa watu!"

Ukumbi ukalipuka. Mika akageukia mlango, akakuta mlango umejaa watu na kila mtu anamrekodi.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Lea. Alikuwa amepiga magoti pale kwenye mawe, kayashika yote mawili, anayapima mkononi.

"Hamsini na tatu?" akasema. "Alisimama na mimi raundi nne akiwa na hamsini na tatu?"

Akaichukua simu yangu. "Mama, mpe Asmaa hiyo simu."

Faustina akavuka barabara mbio, tunasikia kandambili zake. Asmaa akatokea. Jicho moja jeupe, moja limejaa machozi.

"Asmaa," Lea akamwambia mbele ya ukumbi mzima, "mbavu zangu ulizozipiga raundi ya tatu bado zinauma wakati wa baridi. Nimepigana mara kumi na moja. Hakuna aliyenitisha kama wewe. Mimi kwa kilo zako nisingemaliza hata ya kwanza. Nisamehe."

Asmaa hakumjibu Lea. Aliniuliza mimi.

"Dada, hukupanda na yale mawe?"

"Sikupanda. Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema nikifungua mdomo, mimi ndiye niliyedanganya mizani. Nitafungiwa mimi, na wewe utafungiwa kwa jina la ukoo. Nikaona bora waniite Gunia."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nililia mbele za watu.

*

Pambano halikufanyika. Mika aliondoka pale na askari. Mawe yakachukuliwa kuwa ushahidi, na ikajulikana kuwa baada ya Asmaa alishayatumia tena kwa mabinti wengine wawili. Alikuwa anakula cha juu kwa kila kichwa anachopeleka.

Sasa mmenijazia inbox. Wengine mnasema nimekimbia, ningekuwa bondia kweli ningepigana na kilo zangu hizohizo. Wengine mnasema bondia mdogo anayekubali mkubwa hastahili heshima yoyote, amejitakia.

Niwajibu mara moja.

Asmaa anastahili heshima. Mpeni yote, mmechelewa miaka mitatu. Aliyeingia ulingoni anajua analipa kwa mwili wake. Ila mkimaliza kumpigia makofi, geukeni muangalie nani kamsukuma pale, na yeye amekaa wapi wakati ngumi zinatua. Mtu akikuita shujaa, tazama kama na yeye anavuja damu. Mimi yule aliyeniita shujaa alikuwa anatafuna nyama.

Nilisota miaka mitatu kulichora duara kwenye jicho la mtu asiye na kosa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Kisasi je? Msiwe na wasi, kisasi nilipata. Ijumaa iliyopita.

Nyumba imejaa, viatu mpaka barabarani. Lea yupo, kaja kwa basi la asubuhi, kakaa ubavuni kwa Asmaa wanaoneshana makovu. Sufuria iko wazi. Mara kivuli mlangoni...

Mika. Katoka kwa dhamana. Kofia mkononi.

"Hodi wenyewe."

Watu wakaendelea kula.

"Dada," akamwambia mama yangu, "nimekuja tuyamalize kifamilia. Asmaa aseme tu kwamba alikubali mwenyewe..."

Macho yake yakateleza mpaka kwenye mkeka wake, pembeni ya mlango. Uko wazi. Haujakaliwa na mtu.

Nikamwangalia mama. Sheria ni yake, na maisha yake yote hajawahi kuivunja. Mama akakitazama kijiko chake.

Akainuka Asmaa. Akaenda taratibu mpaka mlangoni, akasimama uso kwa uso na Mika. Yule Gunia! Mika akashindwa kuliangalia lile jicho, akainama kuvua viatu...

Asmaa akanyoosha shingo, akatazama juu ya bega lake, ng'ambo ya barabara.

"Da Faustina! Mbona umejibanza dukani?"

"Naona aibu mdogo wangu! Nimewatukana sana!"

"Ukitaka mawe yako yako polisi, ukitaka chakula kiko hapa. Mkeka upo mmoja, hauna mwenyewe."

Faustina akavuka, akampita Mika kama anapita nguzo.

"Ingia, dada," Asmaa akamwambia, akamsogezea sinia. "Ingia ule, pilau inapoa."