Muuaji ni Daktari

Mikono miwili ilishika katoni moja. Ilikuwa Jumamosi mchana, ghorofa ya chini ya jengo la soko, watu wamebanana hata pa kugeukia hapana, na kwenye meza ya muuza filamu za zamani ilikuwa imebaki katoni hiyo tu: CD kumi na mbili, za upelelezi, za kutisha, za vichekesho, za mapenzi, filamu zote kongwe kuliko hao wawili waliozigombea.

"Nimeanza mimi," alisema mwanamke.

Mwanaume alimtazama mdomoni kwanza, kisha machoni, ndipo akatabasamu. Shati lake la samawati lilikuwa limenyooka kwa pasi, lakini vidole vilijaa wino mweusi hadi kwenye kucha.

"Tugawane basi. Wewe sita, mimi sita. Jumamosi ijayo tubadilishane."

"Na ukitoroka na sita zangu?"

"Nawe ukitoroka na zangu je?"

Walicheka, na damu zao zikaelewana papo hapo. Wateja wa yule mwanamke walimwita Dada Miwani, kwa kuwa kutwa alikuwa akiwapima watu macho kwenye duka la miwani. Yule mwanaume wenzake kiwandani, kwenye mitambo ya kuchapa magazeti, walimwita Wino. Wakawekeana sharti moja: kila filamu irudi na kikaratasi cha maoni ndani ya kasha lake. Si maoni ya mabingwa, maoni ya mtu aliyejinyoosha kwenye kochi baada ya kazi.

Sasa, Dada Miwani alikuwa mtu wa kushuku. Muuza nyanya akimwongeza moja ya bure, aliigeuza kutafuta palipooza. Tusimlaumu. Aliwahi kuchumbiwa na mwanaume mwenye mke mji mwingine, akagundua wiki mbili kabla ya harusi, kadi zimeshagawiwa. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatadanganywa tena kwa kiasi kile, na machale yalikuwa yakimcheza hata pasipo na kitu.

Kwa Wino, hata hivyo, kitu kilikuwepo. Wino hakupokea simu. Ukimpigia, iliita mpaka ikachoka, kisha baada ya muda ukaja ujumbe: "Mpenzi, niko karibu na mtambo. Niandikie." Asubuhi mtambo. Jioni mtambo. Jumapili, kiwanda kimefungwa, mtambo.

"Asiyepokea simu ana mke," alisema shangazi, aliyemlea na bado wakiishi pamoja. "Anaandika huku amejificha chooni."

"Shangazi, ana upendo. Tukikaa anakaa mbele yangu, haniondolei macho. Nikisema neno anautazama mdomo wangu kama vile ataniomba busu."

"Hata yule wa kwanza alikuwa na upendo. Alikuwa nao wa kutosha watu wawili."

Kilichomkaba zaidi ni vile vikaratasi. Filamu ya kutisha ilirudi na maneno haya: "Haikunitisha. Mlango unafunguka, mlango unafungwa, binti anakimbia. Nilisinzia katikati." Dada Miwani aliiangalia mchana kweupe, na zile hatua za miguu juu ya dari zilimfanya aache taa inawaka siku tatu. Ya vichekesho ikarudi: "Ya huzuni sana. Wanaume wanne wamejifungia chumbani, kila mmoja anasema, hakuna anayecheka. Mwenye kofia ana uso wa msiba." Huyo mwenye kofia ndiye aliyemchekesha mpaka shangazi akaja kuchungulia kuna nini.

Halafu ikaja ya upelelezi: "Safi. Muuaji ni daktari. Nilimjua mapema, kwa jinsi anavyojifuta jasho."

Muuaji hakuwa daktari. Daktari alikuwa na homa, na alisema hivyo mara tatu. Muuaji alikuwa dada wa marehemu, aliyekaa kitini mwishoni akakiri kila kitu kwa kinywa chake, dakika kumi nzima.

Walipokutana mgahawani, Dada Miwani akiwa na gauni lake la zambarau analolivaa kwa shughuli maalumu, alianza taratibu.

"Ile ya upelelezi uliimaliza?"

"Niliimaliza, kipenzi."

"Muuaji?"

"Daktari. Mtu asiye na hatia hatokwi jasho vile."

Alimpima kwa jicho la pembeni. Basi huyu haangalii filamu. Anasoma kasha, anabuni maoni, na muda wa kuangalia anautumia na mtu mwingine. Moyo ulimuuma, kwa sababu alikuwa ameshampenda, na tena alikuwa ameshamwambia shangazi kwamba Jumapili ijayo atamleta nyumbani.

"Nina kazi kwako," akasema. "Ile ya mapenzi. Mwishoni, kituoni, treni inaondoka, mwanaume anamwambia mwanamke maneno. Jumamosi nataka uniambie ni maneno gani."

Wino akaacha kutafuna.

Jumamosi ilipofika, ukaja ujumbe: "Mpenzi, samahani. Leo siwezi kutoka, nina kazi nyumbani."

"Kazi hiyo ina jina," alisema shangazi, "na huenda ina watoto."

Dada Miwani aliinuka. Alivaa viatu. Nyumba ya Wino aliwahi kuonyeshwa kwa mbali tu, nalo hilo aliliweka kwenye orodha ya makosa. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akiwa ameshapanga cha kumwambia huyo mke: hatamtukana, atamwambia tu pole.

Akabisha. Kimya. Akabisha kwa nguvu, jirani akatoa kichwa na kukirudisha. Pazia la dirisha lilikuwa limeacha uwazi, akachungulia.

Hapakuwa na mke. Wino alikuwa peke yake, amevuta kiti mpaka pua karibu iguse runinga, amempa dirisha kisogo. Kwenye runinga treni ilikuwa kituoni, lakini hakuna mlio uliotoka. Mwanaume wa filamu alifungua mdomo, kisha akageuka, kofia ikamfunika. Wino akabonyeza rimoti, akairudisha nyuma. Akaiangalia tena. Akairudisha tena. Mkononi alikuwa na kikaratasi kitupu.

Dada Miwani akatoa simu, akapiga. Simu ya Wino ikalia juu ya kitanda, hatua mbili nyuma yake, kwa mlio wa kuamsha mtaa. Wino hakugeuka. Akapiga mara ya pili, kisha ya tatu. Hata yeye aliyekuwa nje alikuwa akiusikia mlio. Mkono wake ukashuka wenyewe.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ndani. Aliingia, akazunguka mpaka mbele ya runinga. Wino alishtuka nusura aanguke.

"Tangu lini?" aliuliza, polepole, uso wake ukiwa kwenye mwanga.

Wino alitazama midomo yake, kisha sakafu. "Miaka sita. Ni mitambo. Sikio la kushoto bado linasikia kidogo, ndiyo maana natembea upande wako wa kulia. Filamu hizi hazina maandishi chini."

"Na dada wa marehemu, aliyekiri?"

"Alikiri? Nilidhani anaomboleza. Nilimhurumia sana yule mama."

Dada Miwani alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, lakini hasira ikatangulia. "Nimekaa wiki nzima nikikuoza mke. Kwa nini hukuniambia?"

"Mpenzi wa kwanza nilimwambia. Akaanza kuzungumza na mwanaume mwingine kwa simu humuhumu, nimempa kisogo. Nilikuja kuambiwa na jirani. Nikajiambia wa pili hatajua."

Hakuna aliyemdanganya mwenzake kwa ubaya, ila kila mmoja alikuwa akimlipisha mwenzake makosa ya mtu mwingine. Na Dada Miwani, ambaye kila siku alisema na watu wanaodai wanaona vizuri ila herufi za ukutani ndizo ndogo, hakuwa ameona.

Wino alinyanyua kikaratasi. "Nimejaribu tangu asubuhi. Anageuka. Anamwambia nini?"

Mwanaume wa filamu humwambia mwanamke, "Nitakuandikia." Ni hayo tu, wala haandiki. Dada Miwani alivuta kiti, akaketi mbele yake kabisa.

"Anasema: kesho uje nyumbani, shangazi yangu anakusubiri."

Wino aliitazama runinga, akamtazama yeye. "Miaka ile yote, alimjuaje shangazi yako?"

"Andika, mpenzi," alisema Dada Miwani. Wino akaandika.

Jumapili shangazi alisikiliza maelezo yote, akaguna. Yeye hakuwa mtu wa kuridhishwa na maneno. Mgeni akiwa mezani anamenya chungwa, alipita nyuma ya kiti chake, upande wa kulia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mkeo yuko mlangoni."

Wino akaendelea kumenya. Alipomaliza, akaligawa chungwa vipande vitatu.

Shangazi alisimama pale kidogo. Kisha akazunguka meza, akavuta kiti, akaketi mahali ambapo midomo yake ingeonekana vizuri, akaanza kumuuliza kwao ni wapi.